Kitufe Kilichoongezwa na Mvua

Kisii na Nyamira mvua haiombwi. Asubuhi jua, mchana wingu, alasiri radi inagonga kama mdai aliyechoka kungoja. Kila afisi inajua taratibu: ngurumo ya kwanza, funga programu, zima kompyuta, chomoa waya. Mvua ikikatika, washa tena.

Chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima wa chai, upande wa Nyamira, kilikuwa na hifadhidata ya Access 2003 inayojua kilo za kila mkulima na madeni yake pia. Fundi aliyenitangulia alikuwa amewaandikia msimbo wa kuongeza kitufe cha Risiti kwenye upau wa zana, ili karani asihangaike na menyu. Kazi safi, ila msimbo haukufuta kitufe cha jana kabla ya kuongeza cha leo, wala haukuwa na lile neno Temporary, linalofanya kitufe kitoweke programu ikifungwa. Kwa hivyo kila programu ilipofunguliwa, Risiti nyingine ilizaliwa. Siku ya jua, moja. Siku ya radi, pacha.

Nilipoitwa, Risiti zilikuwa zimejaza mstari mzima na kuanza wa pili. Fundi yule alichagua picha nambari 59 katika hazina ya picha za Office, yaani kile kikatuni kinachotabasamu. Skrini nzima ilikuwa inanicheka.

Nikasema nafuta vyote kibaki kimoja. Afisi ikanyamaza.

"Fundi, pole pole," akasema mama karani. "Hicho cha tatu ni changu. Kinatoa risiti haraka."

Mhasibu alitumia cha mwisho kabisa, kwa sababu ni kipya, hakijachoka. Cha kwanza hakikuguswa na mtu: hicho ni cha mwenyekiti.

Nikawaeleza kwamba vyote vinaita kazi ile ile, printa ile ile, karatasi ile ile. Wakanisikiliza kwa adabu anayopewa mgeni asiyejua mambo ya boma. Mzee mmoja aliyekuja kuulizia bonasi akaniwekea mkono begani. "Kijana wangu, tulikuwa na kimoja tukateseka. Mungu ametuongezea, wewe unapunguza?"

Tukaelewana. Msimbo mpya ulifuta vyote kila programu inapofunguka, kisha ukaunda vinne: Risiti ya Mwenyekiti, ya Mweka Hazina, ya Mhasibu na ya Karani. Nyuma ya pazia kazi ni moja. Mwenyekiti akataka chake kikae mwanzo kabisa; nikaandika Before:=1, na demokrasia ikaendelea.

Amani ilidumu hadi chama kiliponunua kompyuta yenye Access mpya. Tangu toleo la 2007, Microsoft iliziondoa pau hizo ikaleta utepe, na vitufe vilivyoundwa kwa msimbo wa zamani husukumwa kwenye kichupo kimoja cha pembeni kiitwacho Add-Ins. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikitafuta chake mpaka nikamwonyesha kilipo, kimebanana na vya wadogo wake.

Akavua miwani. "Kwa hivyo sisi sote tumepewa uhamisho?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na marupurupu ya kuhama analipa nani?"