Ukungu kwenye parabrizi: dawa tisa za njia ya Butembo–Beni, kutoka mbovu hadi bora

Mgeni akisikia kwamba Butembo iko karibu kabisa na ikweta, anakuja na kofia ya jua na mashati mepesi. Siku ya pili yuko sokoni anatafuta koti. Mji umekaa juu ya milima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya msimu wa mvua ukungu unashuka kwenye mikaratusi hadi barabarani. Ule wa nje tumeuzoea. Unaotusumbua ni ule unaopanda gari pamoja nasi bila kulipa nauli na kukaa kwenye kioo cha mbele.

Kila shofere ana dawa yake na kila abiria ana ushauri wake, hata yule ambaye hajawahi kushika usukani. Nimezipanga dawa hizo kuanzia ile ya aibu.

9. Kiganja cha mkono

Ndiyo dawa ya kwanza ya kila mtu, na ndiyo ya mwisho kwangu. Kiganja kina mafuta na jasho, kwa hiyo kinachofutwa kinabaki pale pale kikiwa na michirizi. Mchana utavumilia. Usiku, taa za Fuso linalokuja mbele zikipiga michirizi ile, unaona malori matatu na hujui lipi ni la kweli.

Kuna jambo jingine la kwetu. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yanatufikia kupitia Uganda yakiwa na usukani kulia vilevile. Shofere amekaa upande wa mtaro, hivyo akitaka kulipita lori anamtegemea abiria wa mbele kushoto.

“Papa, angalia huko mbele, kuko gari?”

Papa anafuta kioo kwa mkono wa koti, anachungulia, anafuta tena. “Naona kitu cheupe.”

“Ni gari ao ni ukungu?”

“Pita tu, tutajua.”

Usipite.

8. Kufungia joto ndani

Gari la Japani likiwaka linakusalimu kwa Kijapani, na hakuna anayejibu. Lakini vitufe vyake vina picha. Kimoja kina gari dogo lenye mshale unaojikunja kwa ndani: maana yake, hewa ya ndani inazunguka humo humo. Mashofere wengi wanakiwasha Butembo kwa sababu ya baridi, kisha wanashangaa kioo kinageuka maziwa. Pumzi ya watu saba inazungushwa, inapumuliwa tena, inarudi ikiwa na maji zaidi. Hii si dawa, ni ugonjwa wenyewe. Kizime.

7. Kiazi kilichokatwa

Wapo wanaosugua kioo kwa nusu ya kiazi. Wanga wake unaacha utando mwembamba ambao unasaidia kidogo, halafu unakauka na kubaki kama kamasi za mtoto. Katika nchi ya Lubero, ambako viazi vinapakiwa kwa magunia, sijui utamweleza nini mwenye gunia akikukuta umekata kimoja kwa ajili ya kioo. Kipike.

6. Soksi ya chumvi

Chumvi inavuta maji hewani. Hilo kila mama mwenye kopo la chumvi jikoni analijua. Na sisi chumvi tunaijua tangu zamani: wazee wa Kiyira walikuwa wakiifuata hadi Ziwa Katwe, upande wa Uganda, wakirudi nayo mgongoni kupanda milima hii. Ijaze kwenye soksi kavu na safi (neno “safi” halijawekwa kwa mapambo), uiweke chini ya kioo gari likilala. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafanya kazi hiyo hiyo, vizuri zaidi.

Ila soksi ni mlinzi wa usiku. Gari likishajaa watu asubuhi, mapambano yameisha na soksi imeshindwa.

5. Sabuni

Hapa tunaanza kuongea kama watu wazima. Ukungu ni matone madogo sana yaliyosimama moja moja juu ya kioo, na kila tone linatawanya mwanga. Sabuni inayafanya yalale na kuwa utando mmoja wa maji, ambao unaona kupitia kwake. Maji yapo, lakini hayakuzibi.

Wanaanga walilijua hili kwa njia ngumu. Mwezi wa Juni 1966, Mmarekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A, akatoka jasho mpaka kioo cha kofia yake kikafunga ukungu. Akasugua kwa pua ili apate tundu la kuchungulia. Baada ya hapo vioo vya kofia zao vikawa vinapakwa dawa ya kuzuia ukungu kabla ya kutoka nje. Kwa hiyo shofere wetu anayechungulia tundu la ukubwa wa sahani kwenye mteremko ana mwenzake wa angani, tofauti ni kwamba mwenzake hakuwa na mbuzi barabarani.

Namna ya kufanya: chukua sabuni ya kipande, hizi za mafuta ya mawese zinafaa, gusa kioo kikavu kwa ndani, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane kabisa. Ikionekana, umezidisha. Inadumu siku chache, basi. Na tafadhali, dawa ya meno ibaki kwa meno.

4. Kukiosha kioo kwa ndani

Tunaosha magari mtoni mpaka tairi zinang'aa, na kioo kwa ndani hakijaguswa tangu gari liliposhuka melini Mombasa. Vumbi jekundu la kiangazi, moshi wa sigara, mafuta yanayotoka kwenye plastiki ya dashibodi ikipigwa na jua: vyote vinaganda pale, na mvuke unapenda sana mahali pachafu pa kushikia. Maji na siki kidogo, kitambaa safi, kisha gazeti kavu. Ukitaka sabuni ya namba 5 ikusaidie, anza na hii.

3. Kutoa maji garini

Shida si baridi peke yake. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi. Ikigusa kioo baridi haiwezi kuubeba wote, inautua. Swali ni mvuke umetoka wapi. Mtu mzima aliyekaa tu anatoa vijiko viwili vitatu vya maji kwa saa, kwa pumzi na ngozi. Zidisha kwa abiria, na kwetu abiria hawahesabiwi kwa viti.

Kisha ongeza makoti yaliyonyeshewa, mwavuli uliofungwa ukiwa bado unatiririka, mazulia ya miguuni yaliyolowa tangu juzi, kuku wawili wanaohema na furushi la sombe mbichi lenye umande.

“Mama, sombe hii iende kwenye buti.”

“Itakauka.”

“Ndiyo ninachotaka.”

Toa mazulia, yaanike. Vilivyolowa viende nyuma au juu ya gari. Hii haina gharama yoyote isipokuwa maneno.

2. Kiyoyozi pamoja na joto

Ukimwambia mtu wa Butembo awashe kiyoyozi asubuhi, atakuuliza kama una malaria. Lakini kiyoyozi kinakausha hewa: hewa inapita kwenye mabomba ya baridi, maji yanabaki huko na kudondoka chini ya gari. Ndiyo kazi yake ya asili. Willis Carrier alipokibuni mwaka 1902, hakuwa na nia ya kuwapoza watu. Alitumwa kuokoa karatasi za kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn zilizokuwa zinavimba kwa unyevu. Washa kiyoyozi, peleka kidude cha joto kwenye nyekundu, elekeza upepo juu ya kioo, chukua hewa ya nje. Baada ya dakika chache kioo kinafunguka.

Angalizo la Beni: ukishuka kutoka milimani na kioo kilichopozwa, unakutana na hewa ya joto na unyevu ya huko chini, na ukungu unahamia nje. Hapo usifute ndani hadi uchoke. Piga waipa mara mbili na upunguze baridi.

1. Vidole viwili vya dirisha

Tuseme ukweli: katika magari mengi ya njia hii kiyoyozi kilikufa zamani, kimebaki kitufe tu. Kwa hiyo bingwa wangu ni dirisha lililoshushwa vidole viwili, la shofere na la nyuma upande wa pili, ili hewa ipite kati yao. Hewa ya asubuhi ya Butembo inaonekana imelowa, lakini kwa kuwa ni ya baridi inabeba maji machache kuliko ile ya ndani. Inatosha.

Kazi ngumu ni kuwashawishi abiria.

“Shofere, funga, mtoto atapata baridi!”

“Mama, nikifunga sitaona njia.”

“Funga tu. Njia unaijua.”

Mfunike mtoto kwa kikwembe cha pili, shofere abaki na dirisha lake. Ukikaribia barieri shusha vioo vyote, kwa sababu askari anataka kuona nyuso. Na kama hata hivyo mbele huoni kitu, ukungu wa ndani na wa nje ukiwa umeungana, usiondoke saa kumi na mbili. Kunywa chai, ondoka saa mbili.