Shahada ya Kununa
Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857 wakiwa katika safari moja. Mwaka 1858 Speke akamwacha mwenzake hapo, akaenda kaskazini, akarudi na habari kwamba ameona ziwa ambalo ndilo chanzo cha Nile. Burton akabisha. Ugomvi haukuisha hadi Speke alipofariki mwaka 1864.

Sasa wewe, mwanachuo uliyetoka Puge, huko huko Tabora, na kiroba cha michembe ya viazi: mwenzio wa chumba kaonja bila kuomba, nawe salamu huitikii wiki nzima. Wenzenu waligombania ziwa. Ninyi mnagombania soketi, ndoo na zamu ya kufagia, mnaandikiana vikaratasi kama balozi mbili. Fagia tu, mwanangu. Shahada ya kununa haitolewi na chuo chochote.