Jinsi ya Kufika Unguja kwa Dakika Ishirini

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Unguja ni kilomita 73 hivi, ukipiga mstari ulionyooka. Kwa ndege ni dakika 20. Ukimsikia mtu analalamika kuwa safari hiyo imemmalizia asubuhi nzima, ujue hesabu zilimpiga chenga. Wewe fuata hatua hizi.

Kwanza, gawanya umbali kwa mwendo. Ndege ndogo ya propela huenda kilomita 300 hivi kwa saa. Jibu ni dakika 15 kasoro kidogo. Ongeza tano za kupaa na kutua. Usiongeze kitu kingine, hasa Barabara ya Nyerere.

Pili, toka nyumbani alfajiri. Kutoka Posta hadi uwanjani ni kilomita 12 hivi. Pale Tazara pana barabara ya juu tangu 2018, kwa hiyo foleni ya mbele unaiona vizuri zaidi. Mwenzako akipiga simu, mwambie umeshafika. Si uongo: kwa kanuni ya hatua ya kwanza, kilomita 12 ni dakika mbili na nusu.

Tatu, wahi, kisha usubiri. Vua mkanda, toa simu, iage chupa yako ya maji. Ndege nyingi ndogo huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, na usishangae ukiambiwa nawe upande kwenye mizani. Kilichozidi begini, kivae. Joto la Dar halijawahi kumzuia mtu kuvaa makoti mawili kwa sababu ya msingi.

Nne, ukiwa angani usianze jambo kubwa. Usisinzie, usifungue kitabu, wala usimsimulie jirani habari za ukoo wenu. Kabla hujamfikia babu, mapaa ya Mji Mkongwe yameshaonekana dirishani na rubani anateremsha ndege.

Tano, magurudumu yakigusa ardhi, simamisha saa. Kusubiri begi, kupatana bei na dereva wa teksi na kwenda hadi mjini si safari tena. Huo ni utalii, na utalii hauna haraka.

Sita, ukiingia mjini, chagua njia ya kupita. Jirani yako aliyepanda boti ya asubuhi alivuka kwa saa mbili hivi, akashukia Malindi, akaenda kwa miguu. Sasa amekaa barazani Jaws Corner na kikombe cha pili cha kahawa. Akikuona tu atakuuliza umetoka nyumbani saa ngapi. Usimjibu. Muulize kama bahari ilichafuka, na uombe Mungu iwe ilichafuka.