Jinsi ya Kukodi Bustani Uingereza Bila Kushtushwa na Bili

Weka jembe chini kwanza. Anayetaka kulima sukuma wiki katika mji wa Uingereza huanza na kalamu: anajiandikisha kwenye orodha ya halmashauri ya wanaongoja kukodi kipande cha bustani, kisha anangoja. Katika miji mingi foleni ni ya miaka. Kwa hiyo jiandikishe leo, hata kama hujanunua jembe na nyumbani bado mnabishana. Viwanja vingine vya bustani huendeshwa na vyama vya wakulima wenyewe, na orodha zao ni mbali na ile ya halmashauri. Andika jina huko pia.

Unapoishi hakuna viwanja kabisa? Tafuta wenzako watano. Sheria ya mwaka 1908, inayotumika England na Wales, inasema watu sita walioandikishwa kupiga kura au wanaolipa kodi ya halmashauri wakipeleka maombi ya maandishi kwamba bustani zinahitajika, halmashauri lazima iyazingatie. Watu sita! Sijawahi kuona kamati ya harusi yetu ikiwa na watu wachache hivyo. Barua hiyo haitakupa ardhi kesho, lakini inaingia kwenye majalada, nayo halmashauri inapaswa kuijadili.

Siku ukiitwa kuonyeshwa kipande chako, utatajiwa ukubwa kwa rodi. Usibabaike. Rodi moja ya mraba ni mita za mraba 25 na kidogo, na kipande kamili kwa desturi ni rodi 10, yaani mita za mraba 250 hivi, sehemu moja ya kumi na sita ya ekari. Mtu wa Njombe au Kitale atacheka akisikia hilo linaitwa shamba. Acheke, halafu aombe nusu. Rodi 5 zinamtosha mtu mwenye kazi ya zamu, na kodi yake kwa kawaida ni nusu. Rodi 10 zilizoota vichaka vya miiba zitakumaliza kabla ya mbegu ya kwanza kuota.

Kodi yenyewe hulipwa kwa mwaka, na inatofautiana sana: kuna mahali ni makumi machache ya pauni, kuna mahali inapita mia. Uliza bei kwa rodi kisha zidisha. Pauni 8 kwa rodi ni pauni 80 kwa kipande kamili. Uliza pia punguzo la wastaafu na la watu wanaopokea msaada wa serikali, kwa sababu halmashauri nyingi hulitoa ila si kila karani atakukumbusha. Sheria ya mwaka 1950 inataka kodi iwe ile ambayo mpangaji anaweza kutarajiwa kwa haki kuilipa. Mwaka 1981 mahakama iliamua, katika kesi dhidi ya halmashauri ya Reigate and Banstead, kwamba wakulima hawapaswi kupandishiwa kodi peke yao huku huduma nyingine za burudani zikiachwa. Basi ukiletewa ongezeko, uliza kwa upole bwawa la kuogelea limepandishwa kiasi gani.

Lakini hiyo kodi ni mlango tu. Swali kubwa ni maji, na hapa nakusihi usione haya kuuliza mara mbili. Je, maji yamo ndani ya kodi, au yana bili yake? Kama yana bili, inagawanywa sawa kwa kila kipande au kwa ukubwa? Bomba liko umbali gani na kipande chako? Viwanja vingi vina mabomba machache au matangi ya kuchotea, na mpira wa maji umekatazwa kabisa. Utabeba keni mbili, moja kila mkono, na keni ya lita 10 ina kilo 10. Kipande kilicho mita 100 kutoka tangini kina kodi ileile na kilicho kando yake, ila bega lako litalipa tofauti. Na wakati wa baridi maji hufungwa ili mabomba yasipasuke kwa barafu, kwa hiyo usipande Machi ukidhani yamesharudi. Ulizia tarehe.

Dawa yake ni pipa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba ni lita moja. Banda la vifaa lenye paa la mita za mraba 4 linakupa lita 40 kwa mvua ya milimita 10. Fidia ya kulala chini ya mawingu ya Uingereza ni hiyo. Pipa na mfereji wa paa vinunuliwe kabla ya mapambo mengine yoyote, maana mchicha uliopandwa baada ya sakitu ya Mei kwisha utakiona cha moto Julai.

Banda nalo: uliza ni la nani. La mpangaji aliyeondoka, la chama, au sasa ni lako pamoja na mabati yake yaliyooza? Piga picha za takataka zote siku ya kwanza, kabla ya kutia sahihi. Kisha kuna amana ya ufunguo wa geti, na mahali pengine ada ya chama inayobeba bima. Ada hiyo usiinung'unikie, kwani vyama vingi huagiza mbegu na mbolea kwa jumla na kuwauzia wanachama kwa bei ya chini.

Lipa kwa wakati. Kodi ikichelewa siku 40, sheria inaruhusu upewe notisi ya mwezi mmoja. Ukiwa mpangaji mwema, notisi ya kukuondoa kwa kawaida ni miezi 12, na lazima iishie ama tarehe 6 Aprili au kabla yake, ama tarehe 29 Septemba au baadaye. Waliotunga sheria hiyo walijua maana ya mahindi yaliyo karibu kukomaa.

Ukitaka kuku, sheria ya 1950 inakuruhusu kuwafuga, na sungura pia, ili mradi si biashara na hawaleti kero. Jogoo haruhusiwi. Zungumza na msimamizi wa kiwanja kabla ya kununua mbao za banda.