Kobe na Kifuniko cha Chungu

Wanyama wa kando ya ziwa walikuwa na chungu kimoja cha chuma kilichochemka usiku na mchana. Mvuke wake ulizungusha magurudumu, na magurudumu yakawasha taa za vijiji vyote hadi ng'ambo ya mto. Watoto wa vijiji hivyo hawakujua kibatari ni kitu gani.

Moto wa chungu hicho haukuwa wa kuni. Kuni ukizichomoa jikoni, moto unafifia na chakula kinapoa. Moto huu hata ukizimwa hubaki na joto lake siku nyingi, na maji yakiukaukia unayeyusha chungu chenyewe. Sumu yake ikitoka hukaa udongoni mpaka vitukuu waikute. Kwa sababu hiyo wazee walikubali chungu kijengwe kwa sharti moja tu: anayekula faida ya chungu asiwe yeye wa kutuambia kuwa chungu ni kizima.

Wakamteua Kobe. Walimpendea mwendo wake, kwa kuwa hutembea chini, karibu na vitu, wala hana pa kukimbilia. Akapewa kibanda ndani ya ua, na ruhusa ya kuingia popote bila kubisha hodi. Juu yake akawekwa Korongo, mkuu wa ukaguzi, ambaye alikaa mbali, mjini, na ndiye aliyeshika muhuri wa kufunga chungu. Macho yalikuwa ya Kobe na muhuri ulikuwa wa Korongo. Msomaji ashike hilo, kwa maana kati ya macho na muhuri kulikuwa na safari ndefu.

Mwenye chungu alikuwa Kiboko. Simwiti mwovu. Alikuwa na madeni, alikuwa na wateja, na kila siku chungu kilipopoa yeye alihesabu hasara kwa magunia.

Maji ya chungu yalitiwa dawa ya kutuliza moto. Dawa hiyo ikiwa ndani ya maji haina neno. Ikivuja ikakauka juu ya chuma cha moto, hugeuka unga mweupe, na chini ya unga huo chuma huliwa polepole. Nyani na mafundi wenzake waliuona unga huo juu ya kifuniko msimu baada ya msimu. Mwanzoni ulikuwa mweupe kama chokaa. Baadaye ukashika wekundu, ukatiririka ubavuni mwa kifuniko kama machozi ya udongo wa kichuguu.

Asubuhi moja Kobe alimkuta Nyani akibadilisha vitambaa vya kuchujia hewa.

"Hivi viliwekwa lini, ndugu yangu?"

"Juzi, Mzee."

"Na vya kabla ya hivyo?"

"Siku mbili nyuma yake."

"Mbona zamani vilikaa mwezi mzima?"

"Ni vumbi tu, Mzee Kobe. Siku hizi vumbi limezidi."

Kobe akakishika kitambaa. Unga mwekundu ukabaki kwenye mikunjo ya kiganja chake. Akaunusa, na harufu yake ilikuwa ya jembe lililosahauliwa mvuani. Akauliza kama anaweza kupanda akaone kifuniko. Akaambiwa kule juu pana joto, pana nafasi finyu, na kobe na ngazi wapi na wapi. Akaletewa karatasi: kifuniko kimesafishwa, kifuniko kimekaguliwa. Kobe akaisoma, akaikunja, akarudi kibandani kwake. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nampenda Kobe: siku ile alikuwa na kutu mkononi na karatasi mkononi, akaamini karatasi.

Chungu hicho kipo. Kiko Ohio, Marekani, ufukoni mwa Ziwa Erie, na jina lake ni kinu cha nyuklia cha Davis-Besse. Vichujio vya hewa vilivyoziba kwa kutu vilikuwepo. Vilifikia kubadilishwa kila baada ya siku mbili. Picha ya michirizi myekundu ilipigwa mwaka 2000, wakati kinu kimesimamishwa kuwekewa fueli mpya. Ikaingia failini, na kinu kikawashwa tena.

Mwaka 2001 ikaja habari kutoka kijiji kingine: kwenye chungu cha aina ileile, mirija inayopita kifunikoni imepata nyufa. Kijiji hicho ni Oconee, Carolina Kusini. Korongo akashtuka, na hapo alifanya kazi yake vizuri. Akatuma barua kwa wenye vyungu wote wa aina ile: kabla mwaka haujaisha, wale walio hatarini zaidi wawe wamekagua mirija yao. Karibu wengine wote wakatii. Kiboko akafunga safari kwenda mjini.

"Mheshimiwa, mwishoni mwa Machi mimi nina msimu wangu wa usafi. Chungu kitazimwa chenyewe. Kwa nini nizime mara mbili?"

"Barua inasema tarehe 31 Desemba."

"Ni miezi mitatu tu, Mheshimiwa. Tumekagua miaka yote, karatasi hizi hapa. Ukinizimia sasa, wateja wangu nitawaambia nini?"

Barua ya kumfunga ilikuwa tayari imeandikwa, bado kugongwa muhuri. Korongo akaitazama, akamtazama Kiboko, akazitazama zile karatasi, ambazo zote zilikuwa zimeandikwa na Kiboko mwenyewe. Wakaanza kugawana siku jinsi mnunuzi na muuzaji wanavyogawana bei ya jogoo. Huyu alitaka Desemba na yule alitaka mwisho wa Machi. Wakakutana tarehe 16 Februari. Kiboko akashukuru, akaondoka. Barua ikarudishwa sandukuni bila muhuri.

Wakati wanapatana, unga ulikuwa unakula.

Chungu kikazimwa tarehe ile waliyokubaliana. Ilipofika Machi 2002 Nyani alikuwa juu ya kifuniko akitengeneza mrija wa tatu. Mrija ule ulipita kwenye chuma chenye unene wa sentimita 17 hivi. Mrija wa namna hiyo hausogei hata ukigongwa na tembo. Nyani akiwa kazini, mrija ukaegemea. Akaacha alichokuwa akifanya. Walipofagia unga wote wakakuta shimo linaloweza kumeza kichwa cha mtu. Chuma kilikuwa kimeliwa chote, na kilichobaki kati ya maji yale na nje ni ganda la ndani la chuma cha pua lisilofika sentimita 1. Ganda hilo halikutengenezwa libebe chochote. Kazi yake ilikuwa kuzuia kutu upande wa ndani. Lakini lilikuwa limebeba shinikizo la takriban mara 150 ya hewa tunayovuta, na lilikuwa limeanza kuvimba.

Ningependa kila mtu aliyepewa kazi ya ukaguzi, wa vinu, wa mabwawa, wa maghorofa yetu, akae na mrija ule ulioegemea. Haukugunduliwa na karatasi yoyote wala na barua yoyote. Uligunduliwa na mkono wa fundi uliokuwa pale kwa kazi nyingine.

Desemba 2002 mkaguzi mkuu wa ndani wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, ambayo ndiyo Korongo wetu, aliandika kwamba uamuzi wa kuongeza zile siku ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kumpunguzia mwenye kinu hasara. Kampuni ya FirstEnergy, ambayo ndiyo Kiboko wetu, ilitozwa na Tume faini ya dola milioni 5.45 mwaka 2005. Mwaka uliofuata ikalipa dola milioni 28 baada ya kukiri kwamba watumishi wake waliwapa wakaguzi maelezo ya uongo. Japani nako, msimamizi wa usalama wa vinu alikuwa akikaa ndani ya wizara ileile iliyokuwa ikivinadi. Ilibidi Fukushima iungue mwaka 2011 ndipo, Septemba 2012, akaundwa msimamizi mwingine nje ya wizara hiyo.

Rudi kwenye ua wetu. Chungu kimepoa, Kiboko anahangaika kutafuta kifuniko kingine, na sasa kila mnyama anatazama chuma. Wanagonga, wanakwaruza, wanapima. Kobe mwenyewe halali. Na ni katika miezi hiyohiyo ambapo siafu waliingia.

Mafundi wa chungu walikuwa na mbayuwayu. Kazi ya ndege hao ilikuwa kuruka kati ya chungu na chumba cha mafundi, kuleta habari: maji yamefika wapi, joto limepanda kiasi gani, moto umetulia au haujatulia. Kiota chao kilikuwa ndani kabisa, na langoni alilala Mbwa, asiyempitisha mgeni. Mbwa huyo hakulala usingizi, wala hakuhongwa, nataka haki yake nayo isemwe.

Lakini kulikuwa na Panya, fundi wa kukodiwa, aliyekuja kufanya kazi ya Kiboko kwa mkataba. Panya alichoka kuzunguka hadi langoni kila siku. Akavuta kamba kutoka nyumbani kwake, akaipitisha chini ya ua, akaifunga ndani. Hakuna aliyeona ubaya, maana kamba ni kamba, na Panya alikuwa mtu wa nyumbani. Ndani ya ua nako palikuwa na kamba nyingine, kutoka ofisi za Kiboko hadi kwenye kiota.

Siafu hawana adui wala rafiki. Hufuata njia, na njia ikigawanyika nao hugawanyika. Usiku mmoja walimwagika dunia nzima. Ndani ya dakika 10 walikuwa wamejaa karibu kila nyumba yenye tundu la kuwaingiza. Waliofika kwa Panya wakaikuta kamba, wakaipanda, wakapita chini ya ua huku Mbwa ameelekeza uso langoni. Kutoka hapo wakafika kiotani. Mbayuwayu hawakufa. Walizibwa tu midomo, kwa wingi wa siafu hawakuweza kuruka wala kulia. Mafundi wakakaa mbele ya dirisha wakisubiri habari, na hapakuja ndege.

Tarehe ni 25 Januari 2003, na siafu wale ni programu iliyoitwa Slammer, aina ya mnyoo wa kompyuta anayejizalisha mwenyewe. Iliingia Davis-Besse kupitia mtandao wa mkandarasi uliounganishwa kwa njia iliyokwepa lango la ulinzi la kampuni. Mfumo wa kuwaonyesha waendeshaji hali ya usalama wa kinu ulikaa bila kufanya kazi muda wa saa 4 na dakika 50. Dawa ya kuziba tundu lile ilikuwa imetolewa na Microsoft miezi 6 nyuma. Haikuwekwa.

Hakuna aliyeumia, kwa kuwa chungu kilikuwa baridi. Na kulikuwa na Mzee Bundi. Bundi hakutumia ndege. Alikuwa na kibuyu chake cha maji na fimbo aliyoichonga alama, akapima kwa macho kama alivyopima tangu chungu kinajengwa. Vipimo vya zamani vya mshale, visivyojua kompyuta ni nini, viliendelea kusoma usiku ule. Vijana waliwahi kumcheka Bundi na fimbo yake. Usiku ule walikaa miguuni pake.

Kulipokucha Kobe aliita wote uani. Hakupiga kelele. Alitoa daftari lake la mizunguko akawasomea: ua, lango, kufuli, maji, pampu, na sasa kifuniko. Kamba hazikuwamo. Kwa miaka yote ile alikuwa akizikanyaga akipita.

"Hakuna aliyeniambia nikague kamba," alisema, "na mimi sikuuliza."

Ilichukua hadi 2009 Tume ya Marekani kutoa kanuni inayomlazimu kila mwenye kinu kuwa na mpango wa kulinda kompyuta zake, nao ukaguliwe kama inavyokaguliwa pampu. Kenya ilipitisha sheria ya kuunda mamlaka yake ya udhibiti wa nyuklia mwaka 2019, kabla haijawa na kinu hata kimoja, na utaratibu huo ndio sahihi. Watu wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana mwaka 2024 kupinga kinu kujengwa ufukoni kwao, waliambiwa na wengi kuwa hawaelewi. Mimi nilisikia swali la wazee wa kando ya ziwa: nani atapanda kutazama kifuniko, na akiona kutu, muhuri uko kwa nani?

Kobe alianza na kamba ya Panya. Aliishika kwa mkono mmoja na taa kwa mwingine, akaifuata kwenye nyasi hatua kwa hatua, na palipokuwa na fundo alisimama akaandika. Ilimchukua siku nzima. Penye uchochoro alikuta kamba ya tatu, kuukuu, imeingia ukutani. Akauliza ni ya nani. Panya akasema si yake. Mbwa akasema yeye hulinda lango. Kobe akaagiza ikatwe, akangoja pale mpaka ikakatwa.

Kisha akaenda kwenye chungu. Kifuniko kingine kilikuwa kimeshawasili, kimenunuliwa Midland, Michigan, kwenye chungu ambacho ujenzi wake uliachwa njiani. Nyani alikuwa chini ya ngazi, amechoka, anafuta mikono.

"Kifuniko hakijapata kutumika, Mzee Kobe. Hakijawahi hata kuonja moto. Karatasi yake hii hapa."

"Nimeiona karatasi."

"Wewe si wa kupanda ngazi, Mzee."

Kobe akaiweka taa chini.

"Basi nibebe."