Safu ya Ushauri: Kabla ya Kumwona Mbunifu Majengo

Ramani ya nyumba haiwi bora kuliko habari alizopelekewa mchoraji wake. Barua nyingi za Tabora zinazofika kwenye safu hii huuliza mbunifu yupi ni hodari. Ni chache zinazouliza mwenye nyumba aingie ofisini kwake na nini mkononi.

Bwana mmoja wa Ipuli ana picha. Ameikuta kwenye simu: nyumba ya paa la kuficha, kuta nyeupe, gari jeusi mbele ya mlango. Anauliza kama inatosha. Inatosha kumwonyesha mbunifu aina ya gari.

Paa la kuficha, hata hivyo, si geni Unyanyembe, eneo la Tabora. Msafiri Mwingereza Burton alipofika Kazeh, Tabora ya zamani, mwaka 1857, nyumba za wafanyabiashara wa Kiarabu zilikuwa matembe: paa bapa la udongo juu ya boriti, kuta nene, vyumba vilivyozunguka ua. Moja la aina hiyo liko Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako Livingstone alikaa na Stanley mwanzoni mwa 1872, kisha akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti 25. Mjenzi wa tembe alijua anachokijengea: majora ya nguo, shanga, nyaya na pembe za ndovu, vitu vinavyotaka stoo baridi na mlango mmoja wa kulindwa. Alijua pia kwamba paa la udongo hudai kukarabatiwa kila mara, na watu wa kulikarabati alikuwa nao.

Paa la kuficha la leo nalo lina madai yake. Bati limejificha nyuma ya ukuta na humwaga maji kwenye mfereji wa ndani. Tabora ni mji wa miembe. Majani matatu yakilala kwenye mdomo wa bomba, mvua ya Desemba hujaza mfereji, maji hupanda juu ya ncha ya bati na kurudi darini, na asubuhi jipsamu ina doa la rangi ya chai juu ya kochi. Picha na ipelekwe, pamoja na jina la mtu atakayepanda kuzoa majani.

Mama mmoja wa Isevya anaeleza kuwa mumewe amekataza fedha kutajwa: mbunifu akisikia milioni arobaini, atachora nyumba ya milioni arobaini. Hiyo ndiyo kazi yake. Akifichwa, atachora ya milioni mia, nayo itafika kwenye lenta na kugeuka pagale la kuotea mbarika. Kinachotakiwa kutajwa ni fedha iliyopo, inayotarajiwa kila mwaka, na vyumba gani viezekwe kwanza. Nyumba ya awamu huchorwa hivyo tangu mwanzo. Makadirio ya gharama yana mtaalamu wake, mkadiriaji majenzi, na yeye pamoja na mbunifu husajiliwa na bodi moja kwa sheria ya mwaka 2010. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu.

Kijana aliyeko Dar es Salaam anamjengea mama yake Kiloleni. Yeye anataka jiko lililo wazi kwa sebule. Mama anataka jiko la uani. Anauliza amshawishije mama. Asimshawishi. Anayesonga ugali wa watu kumi kwenye mkaa ndiye mwenye jiko, na moshi wake haujali mtindo. Mbunifu apewe orodha ya maisha ya nyumba hiyo: nani analala wapi, karanga zinaanikwa wapi, na shangazi wa Urambo anayekuja kutibiwa hospitali ya Kitete na kukaa wiki tatu atapita wapi usiku kwenda chooni bila kukatiza sebule. Na mama awepo kwenye kikao, ama kwa miguu yake, ama kwa simu.

Kiwanja nacho kina mambo yake. Hati au ofa na ramani ya upimaji hutangulia, kwa kuwa kibali cha ujenzi cha manispaa hakitolewi kwa maneno. Bikoni zitafutwe kabla ya kikao. Kiwanja kitazamwe masika, si kiangazi tu. Udongo mweusi wa mbuga huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na kuta huufuata. Jua pia lina upande wake: ukuta unaotazama magharibi hupigwa alasiri nzima, na Oktoba chumba chake hakilaliki hadi usiku wa manane. Mbunifu mzuri huweka huko stoo na bafu, ikiwa kiwanja kinaruhusu.

Barua ya mwisho ni ya bwana wa Cheyo ambaye fundi wake ameshachimba msingi, akiiga nyumba ya jirani, na sasa anataka mbunifu "achore kufuata mitaro". Mbunifu atachora, na atalipwa kwa kuchora kosa la fundi. Mtaro ungali udongo mtupu. Kuufukia ni kazi ya siku mbili. Fundi alipwe siku zake, asimame, na zege lisimwagwe hadi ramani itoke.