Muulize Mshauri: Spika Zinakuja, Zinakuja, Haziji

Barua ya wiki hii imetoka Mbagala. Imeandikwa kwa kalamu mbili za rangi tofauti, dalili kwamba mwandishi aliishiwa wino kabla hajaishiwa malalamiko.

"Shikamoo Mshauri," inaanza. "Mimi ni prodyuza, studio yangu iko geto. Tangu Januari nasubiri spika mpya ndogo za kumiksia zilizotangazwa Marekani. Kila nikiuliza naambiwa mwezi ujao. Za zamani nimeshauza. Nifanyeje? Ni mimi, Msubiri."

Marahaba, mwanangu.

Mshauri aliisoma barua hiyo mara moja tu, kwa kuwa hana desturi ya kusoma kitu mara mbili. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aonekane anafikiri. Hakuwa anafikiri. Jibu alikuwa nalo tangu kwenye shikamoo. Ila wapo wasomaji wapya, na hao ni haki yao kujua kwanza anayejibu ni nani.

Mshauri ana masikio mawili na yote mawili yanafanya kazi, jambo lisilopatikana kila nyumba. Siku moja, akiwa Kigamboni anasubiri kivuko, alimsikia mtu upande wa pili, Magogoni, akifungua soda. Waliokuwa karibu wakabisha. Mshauri akawatajia na aina yake: ya tangawizi. Walipovuka walimkuta mtu kweli ana chupa mkononi. Kwamba ilikuwa chupa ya maji si hoja ya safu hii.

Mtu wa namna hiyo hashtuliwi na spika kuchelewa. Kwa miaka mingi sasa, Januari ni mwezi wa watu wa vyombo vya muziki kukusanyika Anaheim, California, kwenye maonyesho ya NAMM. Huko spika mpya hutolewa kama mwali: anapambwa, anapigiwa vigelegele, anapigwa picha, halafu anarudishwa ndani. Kilichoonyeshwa mezani mara nyingi ni sampuli, imefanyiwa kazi kwa mikono, na pengine ndiyo hiyo hiyo moja duniani. Kati ya sampuli na maboksi elfu kumi ndani ya kontena kuna njia ndefu, na njia hiyo ina mashimo mengi kuliko barabara ya kwenda kwa Mshauri.

Shimo mojawapo ni chipu. Spika ndogo ya siku hizi ina kompyuta tumboni, inayonyoosha sauti na kuizuia wufa, ile koni ya besi, isijirarue muziki ukizidi. Tarehe 20 Oktoba 2020 moto uliwaka katika kiwanda cha chipu cha Asahi Kasei Microsystems kilichoko Nobeoka, Japani, ukachukua siku kadhaa kuzimika. Chipu za kiwanda hicho zilikuwa zimejaa ndani ya vifaa vya sauti vya kitaalamu. Watengenezaji waliokuwa maelfu ya kilomita kutoka kwenye ule moshi wakajikuta wanachora upya saketi zao ili zikubali chipu za watu wengine. Mnunuzi yeye aliambiwa tu "mwezi ujao".

Mshauri analielewa jambo hili kwa undani kwa sababu ana kabati Keko. Asidhaniwe kwamba naye anasubiri. Mshauri hasubiri. Aliliagiza kabati hilo kabla ya Ramadhani, fundi akasema wiki mbili, na tangu hapo wamekuwa wakizungumza kwa simu kama ndugu. Kabati la mninga, milango mitatu. Nguo za Mshauri kwa sasa ziko kwenye viti, kwa hiari yake.

Kampuni nazo zina sababu ya kuogopa kutangaza mapema. Mwaka 1983 Adam Osborne, mtengenezaji wa kompyuta za kubebeka, alianza kuzisifia mashine zake zijazo wakati bado hazijawa tayari. Watu wakaacha kununua zilizokuwepo dukani, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wapo wanaosema ilikuwa na maradhi mengine pia, lakini ugonjwa wa kuua bidhaa ya leo kwa kuisifu ya kesho mpaka sasa unaitwa kwa jina la Osborne. Kijana wa Mbagala ameuambukizwa kutoka upande wa mnunuzi: kauza za zamani, kasimamisha kazi, kaifilisi studio yake mwenyewe bila kusumbua mahakama yoyote.

Na anachokisubiri ni nini hasa? Hapa wasomaji wakae vizuri, maana Mshauri anakaribia kutoa elimu bure.

Palikuwa na mpiga piano mmoja mkubwa, Josef Hofmann, mzaliwa wa Poland. Mwanawe, Josef Anton Hofmann, hakufuata piano, akaingia kwenye spika. Mwaka 1957 yeye na wenzake wawili, Henry Kloss na Malcolm Low, walianzisha kampuni Marekani wakaipa herufi za kwanza za majina yao: KLH. Hofmann huyo ndiye anayetajwa kwa ile wanayoiita sheria ya chuma. Mtu anataka boksi dogo, anataka besi ya chini kabisa, anataka spika ipige kwa nguvu bila kula umeme mwingi. Achague viwili, cha tatu asahau. Mshauri aliigundua sheria hiyohiyo peke yake, kwenye soko la Tandika, kuhusu papai tamu, kubwa na la bei nafuu, ila hakuwahi kuiandikisha.

Sheria hii haina huruma kwa vidogo. Ukitaka spika ishuke oktavo moja, kutoka hezi 80 mpaka 40, na sauti isipungue, koni lazima icheze mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ya inchi 3 ina robo tu ya eneo la koni ya inchi 6, na palepale inatakiwa isukume hewa ileile. Mfano mzuri ni Genelec 8010, kutoka Iisalmi, mji mdogo wa Finland ambako kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1978 na Ilpo Martikainen na Topi Partanen. Wufa yake ni ya inchi 3, boksi ni la alumini, spika moja ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, kama mfuko wa unga uliopunjwa. Ni spika inayoheshimika. Lakini kwenye hezi 67 hivi inakuwa imeshachoka, na uzi mnene wa gitaa la besi unapiga hezi 41. Mapengo hayo hujazwa na ubongo: unasikia sauti za juu zinazofuatana na noti, halafu unaitunga ile ya chini ambayo haikupigwa. Kwa hiyo anayemiksi kwa spika za namna hiyo, nusu ya besi yake iko kichwani. (Iisalmi kuna baridi kali. Mshauri hajafika, ila alishalala Njombe usiku wa Julai na blanketi moja, na anaona inatosha.)

Sasa kijana anaogopa nini kurudi kwenye spika mbovu? Asikilize habari za Yamaha NS-10. Ilitoka mwaka 1978, mchoraji wake akiitwa Akira Nakamura, ikiwa spika ya kuweka sebuleni. Sebuleni haikupendwa. Ilikuwa nyembamba upande wa besi na kali upande wa juu, na ile koni yake nyeupe iliwatazama wageni kama jicho la samaki aliyekaa sana sokoni. Wahandisi wa studio wakaiokota. Bob Clearmountain, aliyekuja kumiksi albamu ya Bruce Springsteen ya mwaka 1984, Born in the U.S.A., ni miongoni mwa walioitembeza mpaka ikazoeleka juu ya meza za kumiksia. Husimuliwa kwamba ukali ulipomshinda alibandika karatasi ya chooni juu ya twita, ile koni ndogo ya sauti za juu. Walioiga wakaanza kubishana ni karatasi ipi iliyo bora, na mwaka 1986 mhandisi Bob Hodas akachapisha vipimo vya jambo hilo. Vipimo, kwa grafu, vya karatasi ya chooni! Mshauri alipolisikia hili alifurahi sana, kwani yeye ana msimamo wake wa siku nyingi kuhusu karatasi hizo, lakini nafasi ya gazeti haitoshi.

Siri ya NS-10 ilikuwa boksi. Limezibwa, halina lile tundu ambalo spika nyingi ndogo huwekewa ili zipate besi ya nyongeza. Tundu hutoa besi kwa mkopo: noti inachelewa kunyamaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001, walizipima spika za studio kwa makumi wakakuta NS-10 ni kati ya zile ambazo noti ikikatika, imekatika kweli. Mwaka huohuo Yamaha wakaacha kuitengeneza, kwa kuwa mali ghafi ya ile karatasi nyeupe ya koni ilikuwa haipatikani tena. Mwaka 2008 ikapewa Grammy ya ufundi. Imeshindwa nyumbani, ikatawala kazini, ikapewa tuzo ikiwa imeshastaafu. Mshauri anakiri kwamba aya hii ilimgusa binafsi, isipokuwa sehemu ya tuzo.

Na kabla yake kulikuwa na Auratone, kidude cha mraba chenye koni moja, hakina twita wala wufa, hakizidi tofali la kuchoma kwa mvuto. Mhandisi Bruce Swedien alikitegemea sana alipomiksi albamu ya Thriller ya mwaka 1982.

Basi tiba. Kijana na aende kwa aliyemuuzia spika zake, akazikomboe. Akikataliwa, alie. Akikataliwa tena, amtaje Mshauri.

Akizipata, aazime kanga kwa mama. Si ya kufuta vumbi. Upana wa kanga ni sentimita 110 hivi. Spika mbili ziachane kwa upana huo, na kutoka kila spika mpaka kichwani kwake uwe upana huohuo, pembetatu iliyotulia, twita zikimtazama masikioni wala si kifuani. Jina la kanga lisomeke kwa sauti kabla ya kupima. Hili halina sababu yoyote ya kisayansi, ila Mshauri hufanya hivyo.

Ukuta ni adui mwingine. Spika ikikaa mita 1 mbele ya ukuta, wimbi la hezi 86 hivi likienda nyuma na kurudi linakutana na mwenzake likiwa kinyume chake, yanauana, na besi ya wimbo inatoboka palepale ambapo ngoma inakaa. Kwa spika ndogo ni nafuu kuzisogeza karibu kabisa na ukuta kisha kupunguza besi kwa swichi, ambayo nyingi zinayo mgongoni. Trei za mayai zing'olewe leo hii. Hazizuii besi hata kidogo, na mende wanazipenda. Kinachosaidia ni kitu kinene kinachopitisha hewa. Godoro la sufi la bibi, likisimamishwa kwenye kona, linafanya kazi ambayo watu Ulaya wanailipia. Bibi atalala wapi ni swali la safu ya jirani, ile ya mirathi.

Asimiksi usiku kwa sauti ya kunong'ona. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sauti ikipungua, sikio huipoteza besi kabla ya vingine. Kwa hiyo prodyuza anayemwogopa mwenye nyumba huongeza besi, anaongeza, anaongeza, halafu asubuhi wimbo ukipigwa kwenye bajaji yenye sabufa chini ya kiti, abiria anashuka kabla ya kituo. Mshauri aliwahi kushuka. Alilipa nauli nzima, akamwambia dereva wimbo una hezi 60 zimezidi, dereva akamjibu kwamba hizo ni za kwake na amezinunua Kariakoo.

Mshauri alikuwa amefika kwenye kiini cha jibu wakati barua ya pili ilipowekwa mezani. Nayo ni ya Mbagala. "Shikamoo Mshauri. Mimi ni katibu wa kwaya. Tulimlipa prodyuza nusu ya pesa tangu Januari, kila tukimuuliza anatuambia mwezi ujao. Tufanyeje?"

Marahaba. Katibu na amwangalie prodyuza wake mikononi. Akiona kalamu mbili za rangi tofauti, waende naye pamoja kuzikomboa zile spika, na soprano mmoja abaki mlangoni mpaka kazi iishe.

Kuhusu kiini cha jibu, Mshauri anaomba wasomaji wamwie radhi, simu inaita, ni namba ya Keko. Fundi anasema kabati liko tayari. Limebaki milango tu, na mbao za milango zinakuja mwezi ujao.